Filamu na Kanda katika Maktaba ya Chuo Kikuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameokotwa kaunta, kwenye barua za vyama vya wanafunzi, na kwa wahadhiri wanaofika dakika kumi kabla ya kipindi wakiulizia projekta. Tunazungumzia zaidi vyuo vikuu vya Tanzania. Pale ambapo Kenya au Zanzibar ina utaratibu wake, tumetaja. Saa za kufungua, faini na siku za kuazima kila maktaba ina zake, kwa hiyo hayo muulize mkutubi wako.

## Mambo ya msingi

1. Maktaba si ya vitabu? Filamu zinatafuta nini humo?

Maktaba ya chuo hukusanya chochote kinachofundishia au kufanyiwa utafiti: ngoma zilizorekodiwa vijijini, mahojiano ya wazee yaliyofanywa kwa ajili ya tasnifu, hotuba, mihadhara, filamu za hali halisi, na sinema za kuburudisha. Hizi za mwisho ndizo watu huzishangaa. Lakini anayeichunguza Dar es Salaam ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 atakuta kwenye filamu za Bongo sebule, mavazi, lugha ya mtaani na hofu za watu ambazo ripoti rasmi haikuziandika. Filamu hizo zilitoka kwa kanda za VHS, kisha VCD, kisha DVD. Ambazo hakuna aliyeziweka pahala, leo huzipati Kariakoo wala kwingine.

2. Nani anaruhusiwa kuazima?

Kwa kawaida ni mwanafunzi au mfanyakazi wa chuo mwenye kitambulisho hai. Mtafiti wa nje hupokelewa kwa barua ya utambulisho kutoka taasisi yake na hutazama ndani ya maktaba.

3. Mbona kanda nyingine naambiwa nitazame humuhumu?

Huenda ni nakala pekee iliyobaki. Huenda aliyeitoa aliweka sharti kwamba isitoke. Au ni kanda ambayo mashine ya kuichezea iko moja tu, na iko hapa. Mkutubi akikukatalia kuondoka na kanda ya U-matic, aina ya zamani ya kanda ya video, usimwone mchoyo. Nyumbani ungeiweka wapi?

4. Diski ni nzima kabisa, mbona kompyuta yangu inaikataa?

Angalia alama ya kanda ya kijiografia kwenye jalada, namba ndani ya picha ndogo ya dunia. DVD za Marekani na Kanada ni namba 1, za Ulaya magharibi ni 2, na sehemu kubwa ya Afrika, ikiwemo Afrika Mashariki, ni 5. Diski ya namba 1 iliyoletwa na profesa kutoka masomoni itagoma kwenye mashine iliyofungwa kwa namba 5. Kompyuta hukuruhusu kubadilisha namba hiyo mara chache tu, kisha inajifunga moja kwa moja, kwa hiyo usicheze na mpangilio huo kwenye kompyuta za maktaba. Njoo kaunta, kwa kawaida huwepo mashine inayosoma namba zote.

Kwa kanda za VHS tatizo ni jingine: za kwetu zilirekodiwa kwa mfumo wa PAL, za Marekani kwa NTSC. Ukiona picha haina rangi au inapanda na kushuka, kanda haijaharibika. Inahitaji mashine inayoelewa mifumo yote miwili.

## Kuonyesha filamu mbele ya watu

5. DVD nimeinunua kwa pesa yangu. Kwa nini nisiionyeshe ukumbini?

Ulichonunua ni diski, na haki ya kuitazama wewe na wa nyumbani kwako. Haki ya kuionyesha mbele ya hadhira bado iko kwa mwenye filamu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaitambua kama haki ya kujitegemea. Hili ndilo swali linaloongoza kwa kuulizwa, na jibu lake halibadiliki diski ikiwa ya maktaba. Maktaba nayo imenunua diski tu, isipokuwa pale ambapo ilinunua pamoja na kibali cha maonyesho. Kibali hicho kikiwepo huandikwa kwenye rekodi ya katalogi. Ulizia kabla ya kubandika tangazo.

6. Hatutozi kiingilio. Bado kuna shida?

Bado. Kutotoza kunasaidia sana unapoomba ruhusa, na wengi hukubali kwa sababu hiyo, lakini hakuondoi haja ya kuomba.

7. Na darasani je?

Darasani kuna nafasi zaidi. Sheria ya 1999 inaruhusu kazi ya mtu itumike kama kielelezo cha kufundishia bila idhini yake, mradi matumizi yaendane na desturi ya haki na chanzo kitajwe pamoja na jina la mtunzi. Mhadhiri anayeonyesha dakika kumi, akasimamisha, akachambua mkao wa kamera, akaendelea, yuko salama. Filamu nzima inayoanza hadi kuisha bila neno la mhadhiri, mlango wazi na marafiki wa idara nyingine wamejaa nyuma, hiyo inaanza kufanana na sinema.

Tahadhari moja. Watu wengi huja na maelezo waliyosoma kwenye kurasa za vyuo vya Marekani kwamba mwalimu anaweza kuonyesha filamu nzima darasani bila kuuliza. Ni kweli, huko. Kifungu cha 110(1) cha sheria yao kinasema hivyo kwa shule zisizo za faida zinazotumia nakala halali. Kifungu hicho hakikupanda ndege kuja Ubungo. Kenya nayo ina maneno yake katika sheria ya 2001, inayotaja matumizi ya haki kwa utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki na habari za matukio.

8. Tunaweza kutumia akaunti ya Netflix ya mmoja wetu? Na YouTube?

Akaunti ya Netflix ni ya matumizi binafsi ya mwenyewe na kaya yake. Hata hivyo kampuni hiyo hutoa ruhusa ya maonyesho ya kielimu kwa baadhi ya filamu zake yenyewe, hasa za hali halisi, na kwenye ukurasa wa filamu husika huandika kwamba ruhusa ipo, pamoja na masharti yake. Filamu isiyo na maelezo hayo, iache.

YouTube inategemea nani ameipandisha. Filamu iliyowekwa na mtayarishaji mwenyewe kwenye chaneli yake, mwandikie, mara nyingi atafurahi. Filamu ya Bongo iliyokatwa vipande vinane na mtu asiyejulikana, yenye nembo ya chaneli yake juu ya uso wa mwigizaji, hiyo ni nakala ya wizi, na chuo kikiionyesha kinashiriki.

9. Ruhusa naomba kwa nani?

Kwa mwenye haki, naye si lazima awe mtu unayemfahamu kwenye filamu. Mwigizaji nyota huenda hana haki yoyote ya kukuruhusu. Anza na mtayarishaji. Kwa filamu za Bongo za kipindi cha VCD na DVD uliza swali la pili mapema, maana wapo watayarishaji wengi waliouza haki zote pamoja na masta, yaani nakala mama, kwa msambazaji, na leo wao wenyewe wanahitaji kuomba.

Filamu za ushirikiano zinahitaji subira zaidi. Arusi ya Mariamu ya katikati ya miaka ya 1980 iliongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, Mtanzania na Mmarekani. Kwa kazi ya namna hiyo nakala na karatasi za haki huweza kuwa upande mwingine wa bahari. Na filamu iliyotokana na kitabu ina tabaka mbili: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021) ilitoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Kuonyesha filamu unaomba kwa wenye filamu. Ukitaka pia kuigiza sura za riwaya jukwaani kabla ya filamu kuanza, hilo ni ombi lingine kwa mwenye riwaya.

Faida ya hapa kwetu ni kwamba watengeneza filamu hawajajificha. Wengi wana namba kwenye bango, wanajibu ujumbe, na wengine wakisikia ni chuo kikuu watauliza kama wanaweza kuja kuzungumza na wanafunzi. Inashangaza ni vikundi vingapi hutumia wiki nzima kutafuta nakala ya kupakua, wakati simu moja ingewaletea nakala safi na mwongozaji mwenyewe.

10. Barua ya ombi iandikwe nini?

Jina la filamu na mwaka. Tarehe, ukumbi, na ni maonyesho mangapi. Idadi ya watu mnaowatarajia na kama wa nje ya chuo wataingia. Kiingilio au bure. Nakala mtaitoa wapi. Kama mtarekodi mjadala baada ya filamu. Andika kwa niaba ya chama au idara, ukimtaja mhadhiri mlezi, na omba jibu kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp ni bora kuliko ahadi ya mdomo, ila barua pepe ndiyo inayokaa kwenye faili mwenyekiti wa chama akishahitimu.

11. COSOTA na Bodi ya Filamu si kitu kimoja?

Ni milango miwili. COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, inahusika na haki za wenye kazi: nani anamiliki, nani alipwe. Bodi ya Filamu inafanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na inahusika na kama filamu inafaa kuonyeshwa hadharani na kwa umri gani. Mwenye filamu anaweza kukukubalia na bado filamu isiwe na kibali cha Bodi. Kwa kipindi cha darasani kilichofungwa suala hili huwa halijitokezi. Kwa tamasha la wazi linalotangazwa mjini, wasiliana na Bodi kabla ya kuchapisha bango.

Zanzibar usipeleke barua Dar es Salaam. Huko hakimiliki iko chini ya COSOZA na ukaguzi wa filamu chini ya BASSFU. Kenya ni KECOBO kwa hakimiliki na KFCB kwa ukaguzi, na KFCB huweka filamu kwenye madaraja ya umri: GE (kwa wote), PG (mtoto aongozwe na mzazi), 16 na 18.

12. Filamu iliyopigwa marufuku, chuo si mahali huru pa kuijadili?

Kuijadili, ndiyo. Kuionyesha ni jambo jingine, na usidhani maktaba ina kinga. Mfano ulio karibu ni Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyozuiwa na KFCB mwaka 2018. Bodi hiyo ilitangaza kwamba hata kukutwa nayo ni kuvunja sheria. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Kenya ilisimamisha katazo kwa siku saba, watu wazima wakajaa kumbi za Nairobi, kisha katazo likarudi. Angalia jinsi mlango ulivyofunguliwa: kwa amri ya mahakama. Kama somo lako linahitaji filamu ya aina hii, mpeleke mhadhiri mlezi kwa mwanasheria wa chuo kwanza.

13. Tunahitaji vifaa gani ukumbini?

Projekta, kebo ya HDMI ndefu kuliko unavyodhani, na spika za kutosha. Watu husamehe picha hafifu. Sauti isiyosikika hawaisamehi. Weka filamu ndani ya kompyuta kama ruhusa inahusu hilo, usitegemee intaneti ya ukumbi. Jaribu filamu yote, si dakika tano za mwanzo, kwa sababu diski zilizokwaruzika hupenda kukwama katikati. Na kwa kuwa umeme una mambo yake, kubalianeni mapema: ukikatika, mnasubiri muda gani kabla ya kuahirisha?

## Utafiti, nakala na filamu za zamani

14. Nataka picha chache na kipande kifupi kwa ajili ya tasnifu.

Tumia unachokichambua kweli, kisizidi hoja yako, na utaje filamu, mwongozaji, mwaka, na dakika na sekunde ya kipande hicho. Wanafunzi wengi husahau dakika. Mtahini hawezi kutazama saa mbili akitafuta tukio lako. Tasnifu ikija kuchapishwa kama kitabu cha kuuzwa, suala linafunguliwa upya na mchapishaji atakudai vibali.

15. Maktaba inaweza kuninakilia filamu kwenye flashi?

Kwa ajili yako binafsi, hapana. Kunakili ili kanda isipotee ni kazi ya maktaba yenyewe, na nakala hiyo hubaki maktaba (angalia swali la 19).

16. Filamu za zamani za Tanganyika ziko wapi?

Nyingi haziko hapa, na baadhi haziko popote. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu 35 na kuzitembeza kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na makoloni ya kusini. Watu wa Usambara walicheza kwenye filamu hizo, wakashika kamera na kusaidia kazi ya studio. Zilizosalia hazijai mkono mmoja, na ziko Uingereza, kwenye hifadhi ya British Film Institute.

Kwa filamu za ukoloni kwa jumla, katalogi ya mtandaoni ya Colonial Film ina maelezo ya filamu zaidi ya 6,000, na zaidi ya 150 kati yake zinatazamika bila malipo. Tafuta kwa jina la mahali: Tanganyika, Zanzibar, Mombasa. Maelezo yameandikwa kwa Kiingereza na mara nyingi waliomo hawatajwi majina. Ukimtambua mtu au mtaa, andika na uwape taarifa wakutubi wako. Ni kumbukumbu ambayo London haina.

Kwa sauti, kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam ziko kwa mrithi wake, TBC. Muziki na hotuba za miaka ya baada ya uhuru, mtafiti huelekezwa huko.

17. Filamu ya zamani si ni ya kila mtu?

Tanzania inailinda filamu kwa miaka 50 tangu ilipotengenezwa au ilipotolewa kwa umma kwa mara ya kwanza. Inahesabiwa tarehe ya mwisho kati ya hizo. Kenya pia ni miaka 50. Kwa hiyo filamu iliyotoka 1965, kama filamu, muda wake umekwisha hapa. Lakini wimbo uliomo ndani unalindwa kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na riwaya ambayo filamu ilitokana nayo vivyo hivyo. Nchi nyingine zina muda mrefu zaidi, jambo linaloumiza kichwa ukitaka kuiweka mtandaoni ambako mipaka haipo.

Na kabla hujauliza: filamu za nje zinalindwa hapa. Kenya iliingia Mkataba wa Berne mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994.

## Kutunza kanda

18. Kopo la filamu linanuka siki. Nifanye nini?

Lifunike, liweke mbali na mengine, mwite mkutubi. Filamu za asetati, aina ya plastiki, zinapooza hutoa tindikali ya siki, na mvuke wake huharakisha uozo wa filamu za jirani. Haitibiki, joto la chini na ukavu huichelewesha tu. Joto na unyevu wa pwani ni adui hasa, na kiyoyozi kinachozimwa wikendi kuokoa umeme ni kibaya karibu sawa na kutokuwa nacho, kwa sababu ya kupanda na kushuka.

Kwa kanda za VHS, angalia ukungu mweupe kwenye ukingo wa utepe. Ukiuona usiicheze hata kwa sekunde: utachafua mashine, na mashine itaambukiza kanda inayofuata.

19. Mbona kanda hazihamishiwi kwenye kompyuta zote mara moja?

Kwa sababu kanda ya saa mbili huchukua saa mbili kuhamisha, na hakuna njia ya mkato. Mtu lazima akae, asikilize, asafishe kichwa cha mashine, arudie. Mashine zenyewe zinakwisha: Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho mkubwa wa mashine za VHS, iliacha Julai 2016. Vipuri vinapatikana kwa kubomoa mashine nyingine. UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walitoa tahadhari mwaka 2019 kuhusu kanda za sumaku duniani kote: walikadiria kwamba karibu mwaka 2025 kuzihamisha kungekuwa kugumu na ghali mno kwa taasisi nyingi. Mwaka huo umeshafika, na makabati mengi bado yamejaa.

Ndiyo maana tunachagua. Kanda pekee duniani hutangulia, filamu ya Hollywood inayopatikana kwingine hubaki mwisho. Na kuhamisha si ruhusa ya kuweka mtandaoni. Hapo tunarudi swali la 9.

## Maswali ya pembeni

20. Wanafunzi viziwi na wasioona wanatazamaje?

Kiziwi anahitaji maandishi ya chini au mkalimani wa Lugha ya Alama. Asiyeona anahitaji sauti inayoeleza kinachotokea kwenye picha. Hapa kuna pengo la kisheria. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unarahisisha kutengeneza vitabu vinavyofikika na wasioona, lakini hauhusu filamu. Kwa hiyo ukiomba ruhusa ya kuonyesha, omba papo hapo na ruhusa ya kuongeza maandishi. Ni sentensi moja kwenye barua.

21. Filamu za kibanda umiza, zile zenye mtu anayetafsiri juu kwa juu, maktaba inazichukua?

Ni tafsiri zilizofanywa bila idhini, hivyo hatuwezi kuzionyesha hadharani. Kwa mtafiti wa lugha, hata hivyo, ni hazina: mtafsiri anabadilisha majina, anaongeza utani, anamkemea mwigizaji, na filamu ya Kihindi inakuwa ya Manzese. Maktaba inayozihifadhi huziweka kwa ajili ya utafiti wa ndani tu.

22. Filamu yangu ya mradi wa mwaka wa mwisho ni ya nani?

Soma sera ya chuo chako kuhusu haki bunifu, kwa sababu zinatofautiana. Vyovyote iwavyo, pata saini za waigizaji wako na ruhusa ya muziki wakati mnapiga picha. Wimbo wa msanii maarufu uliouweka chini ya tukio la mwisho ndio utakaozuia filamu yako isipokewe kwenye tamasha la filamu kama ZIFF, pale Ngome Kongwe, Zanzibar.

23. Bibi ana kanda za harusi za miaka ya 1980, na kikundi cha taarabu kinapiga. Mtazipokea?

Tunazitamani. Kanda za aina hiyo zinaonyesha vyombo, mavazi, mashairi na majibizano ambayo studio hazikuyarekodi. Ila mambo yanakuwa matatu: familia ina haki ya kusema nani atazame, kikundi kina haki juu ya muziki wake, na wanawake walionaswa ndani ya ukumbi wa wanawake pekee hawakudhani kama siku moja wanafunzi wangewatazama. Maktaba makini itakubaliana na familia kwa maandishi: kutazama ndani tu, au kufungwa kwa miaka fulani, au sehemu fulani zisionyeshwe kabisa.

Kabla hujazileta, kaa na bibi, cheza kanda kama bado inacheza na haina ukungu (swali la 18), na andika nani ni nani: bibi harusi, mwimbaji, mpiga udi, mtaa, mwezi. Kama haichezi, muulize hivyohivyo kwa kumbukumbu na uandike kwenye karatasi, si kwenye lebo ya kanda. Kalamu ya wino hupenya. Usirudishe utepe mbele wala nyuma ukijaribu kuufungua, uufunge kwenye mfuko wa karatasi na uje nao kama ulivyo.